Kuondoa panya kwenye depo ya nyuma ya nyumba: mwongozo kwa wakazi wa Goma

Maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu panya wa depo ni matatu: nitumie sumu gani, kwa nini panya hagusi mtego, na kwa nini wanarudi baada ya wiki mbili. Yote matatu yana chanzo kimoja: kazi imeanzwa mwisho. Mtu ananunua sumu kwanza, anatega mtego mmoja akikata tamaa, na matundu hayazibi kabisa. Hapa tunageuza mpango. Tunaanza na kutambua panya wenyewe, tunafuata na kufunga chakula, halafu mitego mingi kwa usiku mmoja, halafu sima. Sumu inabaki mwisho wa foleni, na depo nyingi hazitaihitaji.

Depo tunayoisemea ni ile ya kawaida ya parsele ya Goma: mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, mabati juu, upana wa mita 3 kwa 4 hivi, ndani kuna mahindi, maharagwe, makala (mkaa), magudulia na vyombo vya kazi. Kama yako ni kubwa zaidi, ongeza mitego na sima kwa kadiri yake.

Jambo moja la mji huu lazima lizingatiwe tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya katikati ya Goma imekaa juu ya lava ya Januari 2002, na kuta za parsele nyingi ni mawe yaliyopangwa bila sima. Ukuta wa namna hiyo ni nyumba ya ghorofa kwa panya. Huwezi kuchimba shimo lao wala kulijaza maji, kwa sababu lava ina mianya isiyo na mwisho na maji yanazama tu. Kwa hiyo usipoteze nguvu ukimfuata panya alikolala. Mzuie asipate chakula na asipate njia ya kuingia.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Kusanya vyote kwanza. Kuanza kazi na kuikatisha katikati kunawafundisha panya kukwepa mitego.

- Mitego ya springi: 10 mikubwa kama ni panya wakubwa, au 12 midogo kama ni vipanya.
- Chambo: vijiko vichache vya karanga za kusaga, konzi moja ya sambaza kavu (samaki wadogo kama dagaa), na uzi.
- Sima kilo 25 (nusu mfuko), mchanga ndoo mbili na nusu za lita 20, na vipande vidogo vya mawe.
- Wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, mita 3. Usinunue wavu wa kuku: kipanya anapita hapo bila kupunguza mwendo, na panya mchanga pia.
- Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, pakiti 6.
- Bati tambarare, vipande vya upana wa sentimita 30, pamoja na misumari.
- Glavu za mpira, kinyago, buti, tochi, majivu ya mkaa yaliyochekechwa.
- Javeli (dawa ya klorini ya kusafishia) lita 1, ndoo, na chupa ya kunyunyizia.
- Pipa la chuma lenye kifuniko, au bidoni za lita 20 zenye vizibo vyake.

HATUA KWA HATUA

1. Tambua ni nani yumo

Ingia na tochi mchana, bila kuhamisha kitu. Tazama mavi. Ya kipanya ni kama punje ya mchele, milimita 3 hadi 6. Ya panya wa darini yana urefu wa milimita 12 hivi na ncha zilizochongoka. Ya panya mkubwa wa mtaroni yanafika milimita 18 na ncha zake ni butu. Mavi mabichi ni meusi, laini na yanang'aa. Ya zamani yana rangi ya kijivu na yanasagika ukiyagusa na kijiti.

Jioni, mwaga majivu kwa kiraka cha sentimita 30 kwa 20 kwenye pembe zote nne, chini ya mlango na juu ya boriti. Juu ya udongo wetu mweusi majivu yanaonekana vizuri sana. Asubuhi utaona nyayo na mstari wa mkia katikati yake. Kiraka chenye nyayo nyingi ndicho njia yao. Kiweke alama ya chaki ukutani.

Kwa nini ujisumbue hivi? Kwa sababu kipanya haendi mbali: maisha yake yote yanaweza kupita ndani ya mita 3 hadi 9 kutoka kiotani, maana yake analala ndani ya depo yenyewe. Panya mkubwa anasafiri mita 30 hadi 50 kila usiku, na huenda analala kwa jirani. Mitego ya huyu haitegwi kama ya yule.

2. Funga chakula siku hiyo hiyo

Panya mkubwa mmoja anakula gramu 20 hadi 30 kwa siku. Panya kumi wanamaliza kilo 7 kwa mwezi, na wanachafua kwa mkojo zaidi ya hicho wanachokula. Lakini sababu kubwa ya kufunga chakula ni nyingine: panya aliyeshiba mahindi hana haja na karanga zako za mtegoni.

Pipa la lita 200 linabeba kilo 150 hivi za mahindi au maharagwe. Bidoni ya lita 20 inabeba kilo 15. Hakikisha nafaka imekauka vizuri kabla ya kuifunga. Punje ukiing'ata ivunjike kwa sauti, isibonyee. Nafaka yenye unyevu ndani ya pipa lililofungwa itaota ukungu, na hapo utakuwa umeokoa chakula kwa panya ukakitupa mwenyewe.

Plastiki ngumu ya bidoni inamchelewesha panya, haimzuii milele. Kagua shingo na pembe za chini kila wiki. Gunia na ndoo nyembamba ya plastiki si ulinzi.

Kilichobaki kwenye magunia kiinue juu ya mbao, sentimita 20 kutoka chini, na kiache nafasi ya sentimita 50 kutoka ukutani ili uweze kupita na kuona nyuma. Usisahau chakula cha kuku, sabuni, mishumaa na mabaki ya unga wa muhogo kwenye chekecheo. Panya wanakula vyote hivyo.

3. Usitoe vitu vyote nje

Hili ndilo kosa la watu wenye bidii. Wanaamka Jumamosi, wanamwaga depo yote uani, panya wanakimbilia jikoni, na Jumatatu tatizo limehamia ndani ya nyumba. Acha makala, mbao na magudulia palepale hadi mitego imalize kazi.

4. Ziba upande wa nyumba kwanza

Kama depo inagusana na nyumba au jiko, ziba matundu ya upande huo kabla ya kutega. Kipanya anapita tundu la milimita 6, yaani unene wa penseli. Panya mchanga anapita milimita 12. Matundu ya kutokea nje yaache wazi kwa sasa. Namna ya kuziba iko kwenye hatua ya 8.

5. Weka mitego bila kuitega

Panya mkubwa anaogopa kitu kipya. Ukiweka mtego uliotegwa usiku wa kwanza, anaupita pembeni. Na akigongwa mkia tu akapona, hatausogelea tena. Kwa hiyo weka mitego yote mahali pake, na chambo juu yake, lakini springi haijavutwa. Iache hivyo usiku 3 hadi 4. Kila asubuhi ongeza chambo kilicholiwa. Mtego ambao chambo chake hakiguswi kwa usiku mbili, uhamishe.

Kwa vipanya usiku mmoja unatosha. Wao wana udadisi, kitu kipya kinawavuta.

Mahali pa mtego ni kando ya ukuta, si katikati ya chumba. Panya anatembea akigusisha sharubu ukutani. Weka mtego ukikingama na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, ili yeyote anayepita kutoka kulia au kushoto akanyage ulimi wa mtego. Kwa panya wakubwa nafasi kati ya mtego na mtego isizidi mita 5, lakini pale ambapo majivu yalionyesha nyayo nyingi weka miwili pamoja, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu panya huruka mmoja akaangukia wa pili. Kwa vipanya isizidi mita 2. Panya wa darini anahitaji mitego juu ya boriti. Ifunge kwa waya ili asianguke nayo.

Chambo kiwe kidogo: ukubwa wa punje ya maharagwe. Paka karanga za kusaga ndani ya ulimi wa mtego, chini na juu, zisirambwe kwa urahisi. Ukitumia sambaza, mfunge kwa uzi mizunguko mitatu ili panya alazimike kuvuta. Chambo kikubwa kinaning'inia nje ya ulimi, panya anakichukua pembeni na mtego unabaki kimya.

Vaa glavu kila unapogusa mitego. Zinalinda mikono yako dhidi ya mkojo wao.

6. Tega yote usiku mmoja

Chambo kikishaliwa kwenye mitego mingi, tega yote jioni ileile. Usiku wa kwanza ndio wenye mavuno makubwa. Baada ya hapo waliobaki wanajifunza. Ndiyo maana mtego mmoja unaotegwa mwezi mzima haumalizi panya: jike anabeba mimba wiki tatu tu, na anazaa watoto 6 hadi 8 kwa wastani.

Jaribu kila mtego kwa kijiti kabla. Ulimi ukigoma kuachia kwa mguso mwepesi, pinda kidogo ndoano yake. Watoto, kuku na paka wasiingie. Funga mlango kwa kufuli.

7. Toa mizoga asubuhi

Usiguse panya kwa mkono mtupu hata akiwa amekufa. Viroboto huuacha mzoga unaopoa na kutafuta mwili mwingine wenye joto, na mwili huo unaweza kuwa wako. Nyunyizia mzoga na mtego maji ya javeli, subiri dakika 5, weka mzoga ndani ya mfuko usiopitisha maji, funga, kisha ufukie kwa kina cha sentimita 50. Mahali ambapo lava haichimbiki, uchome kwa moto mkali mbali na mbao. Usitupe barabarani wala mtaroni.

Mtego uliokamata usiuoshe kwa sabuni yenye harufu kali. Javeli, maji, jua, basi. Endelea kutega hadi upite usiku 5 mfululizo bila kukamata na bila nyayo kwenye majivu.

8. Ziba kila kitu

Sasa ndipo sima inapoingia. Changanya sima kipimo 1 na mchanga vipimo 3, maji kidogo, mchanganyiko usimame kwenye mwiko bila kumwagika.

Mawe ya volkano yanahitaji uangalifu wake. Yana vitundu na yanakunywa maji haraka, kwa hiyo ukibandika sima juu ya jiwe kavu lenye vumbi, kesho itabanduka kama ganda. Piga mswaki vumbi litoke, mwagia mawe maji hadi yaache kunyonya, ndipo usukume nyuzi za chuma ndani kabisa ya mwanya. Fuatisha sima kwa kina cha sentimita 5 angalau, na vipande vya mawe ukivigongea katikati. Nyuzi za chuma peke yake zitaoza kwa kutu katika mvua zetu, na sima peke yake inachimbwa ikiwa mbichi. Vyote viwili pamoja vinakaa.

Fanya kazi hii asubuhi ili sima ianze kushika kabla ya giza. Usiku wa kwanza ifunike kwa bati na mawe mazito, kisha ilowanishe mara mbili kwa siku kwa siku 3.

Juu, tazama mahali mabati yanapokutana na ukuta. Kila mkunjo wa bati unaacha tundu la nusu duara, na watu wengi hawalioni kwa sababu wanatafuta chini tu. Kata wavu wa chuma kwa upana wa sentimita 15, ukunje ufuate mkunjo wa bati, upigilie misumari kila sentimita 10.

Mlangoni, nafasi ya chini isizidi milimita 5. Pigilia bati tambarare la sentimita 30 chini ya mlango, ndani na nje, na tengeneza kizingiti cha sima. Bati lenye mikunjo halifai hapa.

Pale waya za umeme zinapopita kwenye mbao, ziba kwa wavu na sima, na ukague waya zenyewe kwanza. Waya uliotafunwa ndani ya jengo la mbao ni moto unaosubiri. Uliochunwa ubadilishwe na fundi kabla hujawasha taa ya depo tena.

Matawi ya avoka yanayokaribia paa yakatwe hadi mita 1.5 kutoka kwenye bati.

9. Safisha kwa maji, si kwa fagio

Fungua mlango na madirisha nusu saa kabla ya kuingia. Vaa kinyago, glavu na buti. Changanya javeli kipimo 1 na maji vipimo 9, nyunyizia mavi na viota hadi vilowe, subiri dakika 5, kisha futa kwa kitambaa na ukitupe. Fagio kavu linarusha vumbi la mkojo na mavi hewani, na unalivuta puani. Usichanganye javeli na siki, asidi ya betri wala dawa nyingine ya kusafishia. Inatoa gesi inayochoma mapafu.

Sasa unaweza kutoa makala na mbao na kuzipanga upya, juu ya vibao, mbali na ukuta.

KUHUSU SUMU

Usiweke sumu ndani ya chumba chenye chakula. Panya anabeba punje za sumu na kuzificha, na zinaweza kuishia kwenye maharagwe yako.

Chembechembe au unga unaouzwa mkononi sokoni, ndani ya kifuko kisicho na jina, usinunue. Mara nyingi ni dawa ya mashambani iliyofungwa upya, na kiasi kidogo kinaua mtoto. Hata sumu ya fosfidi ya zinki, ambayo ni halali sehemu nyingi, ikikutana na asidi ya tumbo inatoa gesi ya sumu isiyo na dawa ya kuiondoa.

Kama mitego imeshindwa kwa sababu panya ni wengi mno kwenye ukuta wa nje, tafuta vipande vilivyoandikwa bromadiolone au brodifacoum. Vinazuia damu kuganda. Panya anakufa baada ya siku 3 hadi 7, kwa hiyo wenzake hawashtuki. Viweke nje tu, ndani ya sanduku lililofungwa kwa waya kwenye jiwe, lenye tundu la sentimita 6, vipande vikiwa vimechomwa kwenye waya ili visibebwe. Tafuta mizoga kila siku: paka au mbwa akila panya mwenye sumu hii, naye anaweza kufa.

Mtu akimeza sumu yoyote, nenda hospitali mara moja na kifuko chake mkononi. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Bromadiolone na brodifacoum zina dawa yake, vitamini K1, lakini daktari lazima ajue ni sumu gani ili aitumie.

MAMBO YANAPOGOMA

Chambo kinaliwa, mtego haujafyatuka. Ulimi ni mgumu, au chambo ni kikubwa, au ni kipanya mwepesi kwenye mtego wa panya mkubwa. Jaribu kwa kijiti, funga sambaza kwa uzi, au badili ukubwa wa mtego.

Mtego umefyatuka, hakuna kitu. Umekaa juu ya jiwe lisilo sawa na unayumba. Weka kibao chini yake.

Chambo hakiguswi kabisa. Bado kuna chakula mahali. Angalia gunia lililosahauliwa, banda la kuku la jirani na jalala. Au badili chambo: wanaoishi kwenye makala hutafuta nyuzi za kiota kuliko chakula, basi funga kipande cha pamba kwenye ulimi.

Gundi ya panya haishiki. Vumbi letu la volkano linaifunika kwa siku mbili. Pia inakamata mijusi na vifaranga, na panya aliyenaswa anabaki hai akikojoa kila mahali. Hatuipendekezi.

Paka yupo, panya wapo. Paka anapunguza vipanya, lakini panya mkubwa aliyekomaa wengi wanamwogopa. Paka hazibi tundu.

Harufu ya kuoza ukutani. Kuna mzoga usiofikika, mara nyingi baada ya sumu. Itadumu wiki moja hadi tatu. Fungua madirisha, na ukiona nzi wanakusanyika kwenye ubao mmoja, ng'oa huo.

Umeng'atwa. Osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, nenda kituo cha afya siku hiyo.

Homa, maumivu makali ya misuli na macho mekundu ndani ya wiki chache baada ya kazi hii. Mwambie muuguzi kwamba ulishika au ulisafisha mahali pa panya, kwa sababu leptospirosi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, inafanana na malaria mwanzoni.

Panya wanakufa wenyewe, wengi, na hakuna aliyeweka sumu. Usiwaguse, zuia watoto, toa taarifa kituo cha afya. Tauni ipo Ituri, na hubebwa na viroboto wa panya.

Wanarudi kila mwezi ingawa umeziba. Ukuta wa mawe mnaogawana na jirani ndio chanzo. Ongea naye mtege wiki moja, pande zote mbili, na mzibe mawe ya safu tatu za chini kwa sima mkianza pale depo zenu zinapougusa.